Vito bandia na vyenye majina ya uongo: Jinsi ya kuvitambua kabla ya kununua

JIWE la kijani linalowekwa kwenye kiganja cha mnunuzi mjini Voi linaweza kuwa tsavoriti, ambayo ni miongoni mwa vito adimu duniani. Linaweza pia kuwa turmalini, kito halali lakini ambacho aghalabu huuzwa kwa bei ya chini. Linaweza kuwa zumaridi, au likawa kipande cha chupa ya soda kilichosuguliwa kwa mchanga hadi kikapoteza makali yake. Kwa macho matupu, yote manne hufanana.

Kosa la jina hapo huwa na gharama, wala si kwa mnunuzi peke yake. Mgeni anayelipia chupa bei ya tsavoriti hupoteza pesa zake. Lakini mchimbaji mdogo wa Kasigau au Mkuki anayeambiwa na dalali kwamba tsavoriti yake ni "turmalini tu" hupoteza zaidi, kwani huenda jiwe hilo ndilo tunda la pekee la miezi kadhaa ya kuchimba. Maarifa ya kutofautisha mawe humfaa anayeuza sawa na anayenunua, na sehemu kubwa ya maarifa hayo haihitaji mashine ya bei ghali.

Taita-Taveta imo katika ukanda wa miamba ya kale sana unaoanzia Msumbiji, ukapita Tanzania na kuingia Kenya. Joto na shinikizo kuu la chini ya ardhi liliipika miamba hiyo kwa namna iliyozaa vito vya aina nyingi katika eneo moja. Ndiyo sababu mchimbaji mmoja anaweza kurudi nyumbani na garneti nyekundu, turmalini ya kijani na tsavoriti katika mfuko mmoja.

Mwanajiolojia Campbell Bridges aliigundua tsavoriti kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 1967, kisha akaipata upande wa Kenya mapema katika miaka ya 1970. Kampuni ya Tiffany ya Marekani iliitangaza kwa jina hilo mwaka wa 1974, kutokana na mbuga ya Tsavo. Bridges aliuawa karibu na Voi mwaka wa 2009 katika mzozo uliohusu migodi, jambo linaloonyesha jinsi mawe haya yanavyoweza kuwagombanisha watu.

Mwaka huo huo wa 1967 ndipo tanzaniti ilipopatikana Mirerani, na mwaka wa 1973 yakuti nyekundu, ambayo wengi huiita rubi, ikagunduliwa Mangari, katika eneo la Tsavo. Vito vyote vitatu vina wafuasi wengi, na penye wanunuzi wengi walaghai hawakosekani.

Uongo wa aina tatu

Uongo wa kwanza ndio mwepesi kuufichua. Muuzaji huleta kioo, plastiki au utomvu uliogandishwa na kudai ni kito. Kioo cha kijani hupakwa udongo mweusi ili kionekane kimetoka katika mwamba wenye grafiti, ambao ndio mwamba unaobeba tsavoriti. Mnunuzi anayeliosha jiwe kwa maji na sabuni kabla ya kulitazama tayari amepiga hatua kubwa.

Uongo wa pili ni jiwe lililotengenezwa katika maabara. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka wa 1902 njia ya kuyeyusha unga wa madini kwa mwali wa moto na kuugandisha uwe yakuti. Jiwe la namna hiyo lina kemia ile ile ya yakuti ya ardhini, ugumu ule ule na uzito ule ule. Si haramu kuliuza. Kosa ni kuliuza kwa jina la jiwe la ardhini, kwa kuwa thamani yake ni sehemu ndogo mno ya thamani ya lile la asili. Ajabu ni kwamba mawe haya ya maabara huweza kukutwa hata karibu na machimbo yenyewe, mahali ambapo mnunuzi hatarajii udanganyifu wowote. Mlaghai hujua kwamba mtu aliyesafiri hadi mgodini huamini kuwa chochote anachoonyeshwa kimetoka shimoni.

Uongo wa tatu ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu jiwe lenyewe ni la kweli. Limetoka ardhini, limekatwa vizuri na linapendeza, ila jina lake si lake. Garneti huitwa rubi. Kwatzi ya manjano, ambayo mara nyingi ni amethisto iliyopashwa moto hadi ikabadilika rangi, huitwa topazi.

Hata wafalme walikosea. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lijulikanalo kama Rubi ya Mwana wa Mfalme Mweusi, si rubi hata kidogo bali ni spineli. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua, kwa kuwa spineli na yakuti nyekundu huweza kufanana kwa rangi na hupatikana katika machimbo yale yale. Kosa lile lilitokana na kutojua. Katika biashara ya leo, majina kama hayo mara nyingi hutumiwa kwa makusudi.

"Rubi ya Cape" ni garneti nyekundu ya Afrika Kusini. "Jade ya Transvaal" nayo ni garneti, ya kijani. "Topazi ya moshi" ni kwatzi ya kahawia, na "zumaridi ya Afrika" wakati mwingine huwa florati ya kijani, madini laini yanayokwaruzwa kwa kisu. Kunayo majina halali yanayotaja mahali, mathalani yakuti ya Burma. Lakini kila jina la kito maarufu linapofuatiwa na jina la nchi au sifa fulani, mnunuzi ana haki ya kuuliza swali moja: haya ni madini gani hasa? Muuzaji mwaminifu hulijibu bila kusitasita na kuliandika jibu hilo kwenye risiti.

Vifaa vinavyoingia mfukoni

Kifaa cha kwanza ni lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Lenzi hiyo hushikwa karibu kabisa na jicho, kisha jiwe ndilo linalosogezwa. Wengi hufanya kinyume na hawaoni kitu.

Ndani ya kioo huonekana viputo vya hewa vya mviringo na mistari iliyojipinda kama asali iliyokorogwa. Kingo za kioo kilichomiminwa katika kalibu huwa butu, na pande zake huwa zimebonyea kidogo. Ndani ya jiwe la asili, kinyume chake, huonekana vijifuwele vya madini mengine, nyufa ndogo zilizojiziba na sindano nyembamba zilizonyooka. Jiwe kubwa lisilo na doa lolote na linalouzwa kwa bei ya kutupa linafaa kutiliwa shaka kuliko lile lenye kasoro.

Kifaa cha pili ni mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kila madini yana uzito wake ukilinganishwa na maji ya ujazo ule ule, na tofauti hiyo haiwezi kufichwa kwa rangi wala kwa maneno matamu.

Jiwe hupimwa kwanza likiwa kavu. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani na mizani kurudishwa kwenye sufuri. Jiwe hufungwa kwa uzi mwembamba na kutumbukizwa majini hadi lizame lote, bila kugusa kitako wala kando za kikombe. Tarakimu inayosomeka wakati huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Uzito wa jiwe kavu ukigawanywa kwa tarakimu hiyo, jibu ndilo linalotafutwa.

Tuchukue jiwe la kijani lenye gramu 3.60. Likiwa tsavoriti, mizani itasoma karibu gramu 1.00, yaani jibu ni 3.6. Likiwa turmalini, mizani itasoma karibu 1.18 na jibu litakuwa 3.05. Likiwa zumaridi, itasoma takriban 1.32, ambayo hutoa 2.7. Kioo cha chupa kitasoma karibu 1.44, na jibu ni 2.5. Dakika tano za hesabu ya shule ya msingi zinatosha kumaliza ubishi ambao ungeweza kuchukua alasiri nzima.

Njia hii ina mipaka yake. Jiwe lisilofika gramu moja ni dogo mno kwa mizani ya kawaida, na kosa dogo la kusoma hugeuza jibu. Jiwe ghafi lililoshikamana na mwamba nalo hupotosha, sawa na lile lenye viputo vya hewa vilivyonasa juu yake majini. Kuna pia kioo chenye madini ya risasi ambacho huweza kukaribia uzito wa garneti. Kwa sababu hizo, hakuna kipimo kimoja kinachofaa kutegemewa pekee.

Kifaa cha tatu huenda kikamshangaza msomaji: miwani ya jua ya polaroidi na kompyuta. Kioo cha kompyuta nyingi za mkononi hutoa mwanga uliokwisha kuchujwa upande mmoja. Mtu akifungua ukurasa mweupe, akashika miwani hiyo mbele ya kioo na kuizungusha, hufika mahali ambapo kioo chote huwa cheusi. Sasa jiwe huwekwa katikati ya kioo na miwani na kuzungushwa polepole.

Jiwe likiwaka na kuzimika kwa zamu linapozungushwa, basi linapasua mwanga mara mbili. Hivyo ndivyo hufanya yakuti, zumaridi, turmalini, tanzaniti na kwatzi. Likibaki jeusi wakati wote, basi ni kioo, spineli au mojawapo ya garneti, tsavoriti ikiwemo. Jaribio hurudiwa jiwe likiwa limelazwa pande kadhaa, kwani hata jiwe linalopasua mwanga lina upande mmoja au miwili ambao halionyeshi tabia hiyo. Garneti nyingine nazo hupepesa kidogo, lakini haziwaki na kuzimika waziwazi.

Kwa mchimbaji wa Taita, jaribio hili pekee hutatua swali linalozua ugomvi mwingi. Jiwe la kijani linalobaki jeusi na lenye uzito wa 3.6 si turmalini, hata dalali aape vipi.

Tsavoriti, tanzaniti na yakuti

Tsavoriti ni garneti ambayo rangi yake hutokana na vanadi au kromi. Ina sifa moja inayowapendeza wafanyabiashara: kwa kawaida haipashwi moto wala haitiwi mafuta ili kuboresha rangi. Mawe safi yanayozidi karati mbili au tatu baada ya kukatwa ni haba, karati moja ikiwa sehemu ya tano ya gramu. Anayeonyeshwa mawe 10 makubwa, yote safi na ya rangi moja, anafaa kujiuliza yametoka wapi.

Tsavoriti ya maabara haijawa bidhaa ya kawaida sokoni, lakini kuna garneti nyingine ya maabara, isiyopatikana ardhini, iliyotengenezwa kwa itriamu na alumini. Hutiwa rangi ya kijani na kupitishwa kama tsavoriti. Kwenye jaribio la miwani hubaki nyeusi kama tsavoriti. Mizani ndiyo inayoiumbua, kwani uzito wake ni zaidi ya 4.5.

Tanzaniti ina hadithi tofauti. Karibu tanzaniti zote za buluu zilizo sokoni zilitoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia au hudhurungi, kisha zikapashwa moto wa takriban nyuzi 500 hadi 600. Huo si ulaghai. Biashara nzima inalijua jambo hilo, na rangi inayopatikana ni ya kudumu. Ulaghai ni kuipaka tanzaniti iliyopauka utando mwembamba wa rangi juu ya jiwe, mtindo ulioripotiwa na maabara za vito mwaka wa 2008. Chini ya lenzi, utando huo huonekana umechubuka kwenye kingo za jiwe, palipo na mikwaruzo myeupe.

Alama kuu ya tanzaniti ni kubadilika kwa rangi kulingana na upande unaotazamwa. Ikigeuzwa polepole chini ya mwanga, buluu hugeuka zambarau. Kioo cha buluu hakifanyi hivyo. Iolaiti nayo hubadilika rangi, na wengi wamenaswa nayo, lakini ni nyepesi: uzito wake ni karibu 2.6 ilhali wa tanzaniti ni 3.35. Jiwe la maabara liitwalo fosteriti ndilo gumu zaidi kutambua kwa mbinu za nyumbani, kwa kuwa uzito wake ni karibu sawa na wa tanzaniti. Hilo humshawishi hata aliyezoea, na linahitaji maabara.

Mwezi Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili makubwa ya tanzaniti kwa zaidi ya Sh7.7 bilioni za nchi hiyo. Habari hiyo ilienea duniani kote. Wasiojua biashara hii vyema wanaweza kudhani kwamba kila jiwe la buluu linalotoka upande ule ni utajiri. Ikumbukwe kwamba Tanzania imeweka masharti makali kuhusu kusafirisha tanzaniti ghafi nje ya nchi, na mwaka wa 2018 ilizindua ukuta wa takriban kilomita 24 kuzunguka machimbo ya Mirerani. Tanzaniti ghafi inayouzwa kwa kunong'onezana katika mkahawa wa Nairobi bila hati ama imevushwa mpaka kwa njia haramu ama si tanzaniti. Yote mawili ni hasara kwa mnunuzi.

Yakuti nyekundu hushindwa tu na almasi kwa ugumu miongoni mwa vito vinavyojulikana na wengi, na ni nzito, takriban mara nne ya maji. Ile ya Verneuil hutambulika kwa mistari iliyopinda ndani yake, mfano wa mifuo ya sahani ya santuri. Mistari ya yakuti ya asili, ikiwapo, hunyooka na kukutana kwa pembe.

Taa ya urujuani inayotumiwa madukani kukagua noti pia ina kazi hapa. Yakuti nyingi nyekundu huwaka chini ya taa hiyo kama kaa la moto, ilhali garneti nyekundu hubaki imezimika. Hata hivyo, yakuti ya maabara nayo huwaka, tena mara nyingi kupita kiasi, na spineli nyekundu pia huweza kuwaka. Taa hiyo huitenga garneti. Haithibitishi kwamba jiwe ni yakuti ya ardhini.

Tangu takriban mwaka wa 2004, soko limejaa yakuti duni zenye nyufa nyingi ambazo zimezibwa kwa kioo chenye risasi. Jiwe lililokuwa kama kokoto hugeuka jekundu na angavu. Chini ya lenzi, likigeuzwa, nyufa zake hutoa mimuliko ya buluu, na viputo huonekana ndani ya ule mjazo. Jiwe hilo halidumu: maji ya ndimu yanaweza kuula mjazo huo, na moto wa sonara anayetengeneza pete huweza kuuharibu papo hapo. Yeyote aliyenunua yakuti ya aina hiyo kwa bei ya yakuti kamili ameibiwa, ingawa cheti cha muuzaji kitasema "yakuti ya asili" bila kudanganya.

Zumaridi haihitaji maneno mengi. Nyingi hutiwa mafuta ili kuficha nyufa, desturi ya miaka mingi inayokubalika almuradi itajwe. Mafuta hayo hukauka baada ya muda na nyufa kurudi.

Kwa wakusanyaji wa fuwele

Si kila mtu hununua jiwe la pete. Wapo wanaokusanya fuwele kama zilivyoumbika, zingali zimesimama juu ya mwamba wake, na soko lao lina hila zake.

Hila ya kale ni gundi. Fuwele iliyovunjika, au ya mahali pengine kabisa, huchomekwa katika tundu la mwamba na kuzungushiwa unga wa mwamba uliochanganywa na gundi. Mnunuzi hukagua shina la fuwele kwa lenzi akitafuta viputo, mng'ao wa plastiki au mchanga uliojipanga kupita kiasi. Chini ya taa ya urujuani, gundi nyingi huwaka rangi nyeupe au buluu. Sindano iliyopashwa moto ikiguswa pale penye shaka hutoa harufu ya plastiki, lakini jaribio hilo hufanywa kwa ruhusa ya mwenye mali.

Hila nyingine ni kukuza fuwele. Mrututu, ile dawa ya buluu ambayo wakulima huipuliza kwenye mimea, hukua kuwa fuwele za kuvutia ndani ya mtungi kwa siku chache tu. Shabu hukua vivyo hivyo na hutiwa rangi yoyote. Fuwele hizo huyeyuka majini, kwa hivyo kitambaa kibichi kikisuguliwa mahali pasipoonekana kitatoka na rangi. Mrututu ni sumu, na anayeushika anafaa kunawa.

Malakiti ya kijani yenye mistari, ambayo nyingi yake katika eneo hili hutoka Katanga nchini Kongo, huigwa kwa unga wa mawe na utomvu. Ya kweli ni baridi mkononi na nzito ajabu kwa ukubwa wake. Mistari yake hupita kutoka kijani hafifu hadi kijani kizito bila utaratibu, na hakuna miwili inayolingana. Ya bandia huwa na mistari myeusi iliyonyooka inayojirudia kama ya kitenge, na hupata joto upesi kiganjani.

Majaribio ya kuepuka

Kuna majaribio yanayosifiwa vijiweni ambayo hayafai. La kwanza ni kulichoma jiwe kwa kiberiti kwa imani kwamba jiwe la kweli haliungui. Kioo pia hakiungui kwa kiberiti, na tanzaniti ya kweli inaweza kupasuka kwa joto la ghafla. La pili ni kulikwaruza jiwe kwenye kioo cha dirisha. Karibu vito vyote hukwaruza kioo, na kwatzi ya barabarani pia hufanya hivyo. Ugumu hauonyeshi jina, na jiwe lililokwisha kukatwa huharibika kingo zake.

Nyundo ndiyo jaribio baya kuliko yote. Wapo wachimbaji waliogonga kito ili kuonyesha ni kigumu, kikavunjika. Ugumu wa kutokwaruzwa si uimara wa kutovunjika, na hata almasi hupasuka ikigongwa.

Mbinu za sokoni

Muuzaji mjanja hupenda mawe yake yawe yamelowa. Maji au mafuta hujaza mikwaruzo na nyufa za jiwe ghafi, likaonekana safi. Mnunuzi hulikausha na kusubiri kidogo kabla ya kulitazama. Vile vile, karatasi inayokunjiwa vito huwa na rangi inayosaidia rangi ya jiwe, kwa hivyo jiwe hutolewa na kuwekwa juu ya karatasi nyeupe. Likiwa limekatwa, hulazwa kifudifudi: pete ya wekundu ikionekana kuzunguka kingo za jiwe la rangi nyingine, huenda hilo ni kioo kilichobandikwa kipande chembamba cha garneti juu, ulaghai uliopata umaarufu katika karne ya 19 na ambao bado hukutwa katika vito vya kale.

Mwanga nao hudanganya. Tanzaniti chini ya balbu ya manjano huwa na zambarau zaidi kuliko ilivyo mchana. Biashara ya usiku, ndani ya gari, kwa tochi ya simu, humfaa muuzaji peke yake.

Mnunuzi wa pakiti ya mawe mengi huimwaga yote na kuyapima kadhaa kutoka katikati na chini. Mawe mazuri hukaa juu kama nyanya za gulioni. Na jiwe likishakubaliwa, halirudishwi mfukoni mwa muuzaji "kulifunga vizuri", kwa kuwa hapo ndipo hubadilishwa.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inamtaka anayefanya biashara ya madini nchini Kenya awe na leseni, na anayeyasafirisha nje awe na kibali. Mnunuzi anayeomba kuona leseni hamtusi mtu. Risiti inafaa kutaja jina la madini, uzito, iwapo jiwe ni la asili au la maabara, na kama limepashwa moto, limepakwa rangi au limejazwa kioo. Muuzaji anayekataa kuandika neno "asili" baada ya kulitamka mara 20 amekwisha kutoa jibu.

Jiwe likiwa la bei kubwa, maabara ndiyo mwamuzi. Taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1931, hutoa vyeti vyenye nambari ambayo mtu anaweza kuihakikisha katika intaneti. Hata hapo kuna mtego, kwani cheti cha kweli huweza kuambatanishwa na jiwe jingine. Cheti hutaja uzito hadi sehemu ya mia ya karati pamoja na vipimo vya jiwe kwa milimita. Kikisema karati 2.14 na mizani ikasema 2.31, jiwe hilo silo lililopimwa. Picha ya cheti kwenye simu haitoshi pasipo nambari hiyo kuhakikishwa, na gharama ya cheti kipya ni vyema ijadiliwe kabla pesa hazijatoka mkononi, kwa makubaliano ya maandishi kwamba muuzaji atazirejesha iwapo maabara italipa jiwe lake jina jingine.